Mkanda wa Chubwi

Mdogo wangu alikuwa anaingia baharini na nguo zake zote, viatu pia, halafu anasimama humo kama mtu anayesubiri kufunguliwa mlango. Ndiyo ilikuwa kazi yake. Mkononi ameshika mti mrefu wa vipimo, umepakwa vipande vyekundu na vyeupe, namba zimeandikwa toka chini mpaka juu. Huku nchi kavu Daktari ameinamia darubini yake ya miguu mitatu, anasoma namba. "Songa!" anapaza sauti. Mdogo wangu anasogea. "Hapo hapo!" Anasimama. Wimbi linampiga kifuani, yeye kimya, mti umenyooka wima. Kwa urefu wake na kwa kazi yake tulimwita Nguzo, sote, hata mkewe.

Mimi kazi yangu ilikuwa kushika mwavuli. Usicheke. Darubini ile haipendi jua. Ikipata joto upande mmoja inaanza kusema uongo, kwa hiyo lazima awepo mtu wa kuikinga tangu kazi inaanza mpaka inakwisha. Nimeendesha malori, nimechanganya zege, nimepika melini, nimelinda mageti ya watu ambao hata sura zao sikuzijua, na mwisho wa yote nikawa mtu wa kukishikia chuma mwavuli. Mdogo wangu ndiye aliyenitafutia kazi hiyo, na ndiye aliyeicheka kuliko wote.

"Kaka, umezunguka dunia nzima ili uje umkinge jua bibi asiye na damu?"

"Afadhali mimi nina bibi na kivuli. Wewe una fimbo na chumvi."

"Fimbo yangu ina namba. Mwavuli wako una nini?"

"Una mimi."

Daktari alikuwa mwanamke, na hakuwa daktari wa watu. Alisomea mchanga na mawimbi mpaka akapewa cheo hicho, na watu wa mtaa ule wa pwani hawakulielewa jambo hilo hata kidogo. Palikuwa na mama mmoja mzee, kila tukipanga vyombo anakuja na goti lake. Daktari alishachoka kueleza. Siku moja Nguzo akamwambia, "Mama, huyu anatibu mchanga tu." Yule mama akamwangalia Daktari kwa huruma, akasema, "Basi mwanangu, una wagonjwa wengi." Daktari alicheka mpaka akakaa chini.

Lakini mgonjwa kweli alikuwepo. Barabara ya pwani ilikuwa inaliwa. Nguzo za taa zilishaanza kuangukia majini, na ukumbi wa sinema wa zamani ulikuwa umebaki nusu, viti vinatazama bahari. Wenye mji walitaka kujua mchanga unakwenda wapi. Kwa hiyo kila mwezi tulirudi mahali pale pale, tukapima mistari ile ile, kuanzia ukingo wa barabara, tunashuka ufukweni, mpaka pale ambapo maji yanamfika Nguzo kidevuni. Mwezi unaofuata, tena. Ukilinganisha unaona ufuko umepanda wapi na umeshuka wapi.

Zaidi ya hapo tulikuwa na machungwa na mawe. Siku yangu ya kwanza Daktari alinieleza taratibu, maana aliona shule yangu ni ya kuokota huku na huku. Alisema maji ya juu na mchanga wa chini si lazima viende njia moja. Ukitaka kujua maji yanakwenda wapi, tupa machungwa: yanaelea, lakini yanazama kiasi, upepo haupati pa kuyashika sana, na usipoyaokota yanaoza bila kumdhuru samaki. Ukitaka kujua mchanga unakwenda wapi, weka kitu kizito chini kiburutwe pamoja nao. Sisi tuliokota mawe, tukayapaka rangi ya buluu inayowaka, tukayalaza chini mbele ya mistari yetu, na wazamiaji wakawa wanakuja mara moja moja kuyatafuta yamefika wapi.

Machungwa tuliyaandika herufi kwa wino. Nguzo alikuwa anayatupa, kisha mimi na yeye tunatembea ufukweni kuyafuata. Kuna siku nilimkuta amekaa juu ya jiwe, kidevu kinachuruzika maji ya chungwa.

"Umekula kipimo, wewe!"

"Hiki kilikuwa kimeshamaliza safari, kaka. Kimestaafu."

"Daktari akiuliza herufi K iko wapi?"

"Mwambie imekwenda kusini sana."

Sasa nieleze habari ya mkanda. Nguzo alikuwa mrefu lakini mwembamba, na mawimbi yalikuwa yanamnyanyua. Akinyanyuliwa, mti unayumba, namba hazisomeki, na Daktari anaanza kuguna. Basi shemeji yangu, mkewe, ambaye ni fundi cherehani, akamshonea mkanda wa turubai. Ulikuwa na mifuko midogo kuzunguka kiuno kizima, na ndani ya kila mfuko alitia chubwi, yale madonge ya risasi ambayo wavuvi huzamishia mishipi. Turubai lile sindano ya cherehani haikuliweza, alishona kwa mkono, akatoboka vidole. Nguzo alipouvaa mara ya kwanza alitembea sebuleni kama bata. Lakini majini alisimama kama kapigwa msumari. Daktari alisema hajawahi kupata vipimo safi namna ile.

Mwanzoni mkanda ulikuwa na bizimu ya chuma, kama mkanda wa suruali. Siku moja wimbi likaipiga, bizimu ikafunguka, mkanda ukashuka na suruali ikafuata. Nguzo alitoka majini ameshika mti kwa mkono mmoja na heshima yake kwa mkono mwingine. Tulicheka, na nyumbani nikaisimulia mbele ya shemeji kwa vitendo. Yeye hakucheka.

"Ukifunguka ukiwa mbali je?" alimwuliza mumewe.

"Nitaogelea."

"Ukibebwa?"

"Nitabebwa nikiwa uchi, wataniona haraka."

Shemeji aliuvuta ule mkanda mapajani, akaikata bizimu, mahali pake akaweka kamba mbili za nailoni. Akamfundisha fundo. Alilifunga, akalifungua, akamwambia afunge yeye, akalivuta kwa nguvu zake zote kulijaribu. "Ufunge hivi. Mara mbili. Nikisikia umeingia baharini bila huu, usirudi hapa."

"Sikia, kaka," Nguzo akaniambia. "Nimeolewa."

Tangu siku hiyo mkanda alikwenda nao kazini ndani ya mfuko wa plastiki, na hakuna siku aliyoingia majini bila kuufunga, mara mbili, kama alivyoambiwa.

Ikaja dhoruba. Bahari ilipiga usiku na mchana, watu wa mstari wa mbele walihamia kwa ndugu zao. Ilipotulia kiasi, Daktari alikuja asubuhi akiwa na haraka. Vipimo vya baada ya dhoruba ndivyo vinavyotafutwa kuliko vyote, kwa sababu mchanga unaohama mwaka mzima unaweza kuhama siku hizo chache. Lakini bado mawimbi yalikuwa makubwa. Akasema, "Leo tunaishia magotini. Nimesema magotini, Nguzo, unanisikia?"

"Magoti ya nani? Yangu au ya kaka?"

"Yako."

Alifunga mkanda, akaingia. Maji yakamfika magotini, Daktari akasoma namba, akasema inatosha, toka. Nguzo akageuka akatutazama. Akainua kidole kimoja juu.

"Moja tu, Daktari!"

"Rudi!"

"Namba hii mtaililia kesho!"

Akapiga hatua. Mwezi uliopita pale palikuwa na mchanga, alipajua kama anavyojua sakafu ya chumba chake. Dhoruba ilikuwa imepachimba. Daktari jicho lake lilikuwa kwenye darubini, na kwa mazoea tu alikuwa anasoma. Nilimsikia anataja namba, kisha nyingine kubwa zaidi, kisha nyingine, kwa sababu mti ulikuwa unashuka mbele ya jicho lake, nyekundu, nyeupe, nyekundu, kisha akanyamaza. Mti ukaibuka peke yake, umelala, unaelea.

Nilikimbia. Nilikuwa majini kifuani ndipo nilipogundua bado nimeshika mwavuli.

Wakaja waokoaji, wakaja wazamiaji walewale tuliokuwa tunafanya nao kazi. Maji yalikuwa kama chai ya maziwa. Mzamiaji mmoja aliniambia huoni hata mkono wako mwenyewe. Walipapasa mahali pale alipozama na pembeni yake mpaka mwanga ukaisha. Hakuwepo.

Ilinibidi niende mimi kwa shemeji. Nyumba yao ilikuwa chumba na sebule, na sebule nusu ilikuwa ya cherehani. Alikuwa anatia vifungo kwenye sare ya shule ya mtoto wa mtu. Majirani walikuwa wameshamfikishia habari, niliona kwa jinsi alivyokuwa hanitazami. Aliendelea mpaka akamaliza kifungo, akakata uzi kwa meno.

"Shemeji," nikasema.

"Usinipe pole."

"Sawa."

"Yuko wapi?"

"Hatujampata."

"Basi mtafuteni. Wewe umetembea dunia nzima, umetafuta kila kitu usichokihitaji. Nitafutie mume wangu. Niletee nimzike, nijue yuko wapi nikimtaka."

"Nitamleta."

"Usiseme tu."

"Nitamleta, shemeji."

Sijawahi kuahidi mtu kitu halafu nikakaa mahali mpaka kitimie. Siku ile niliahidi, na nilijua sitaondoka.

Sikumbuki nani alikuwa wa kwanza kutaja machungwa, mimi au Daktari. Yeye hakuwa amelala, macho yamevimba, na mimi hali kadhalika. Wiki nzima kabla ya dhoruba tulikuwa tunatupa machungwa na kuyafuata, na akili ya mtu aliyechanganyikiwa inakimbilia kile ambacho mikono imezoea. Tukasubiri maji yawe vile yalivyokuwa wakati ule, yanaanza kupwa, tukatupa gunia zima pale pale alipopotea. Machungwa yakaanza safari. Yakafuata ufuko kwa upande wa kulia, yakapita ukumbi wa sinema uliobaki nusu, yakapita matundu ya mabomba ya maji machafu, yakaingia kwenye kighuba kidogo nyuma ya ghala la chumvi. Humo yakajikusanya yote, yakawa yanazunguka.

"Pale," Daktari akasema, na sauti yake ilikuwa na matumaini kabisa.

Tukawapeleka wazamiaji kwenye kighuba. Wakazama, wakaibuka, wakazama. Kesho yake tena, machungwa mapya, kighuba kile kile. Nilitembea ufuko ule nikienda na kurudi mpaka nyayo zikachanika. Kila kitu cheusi kinachoelea nilikikimbilia. Gogo. Tairi. Mfuko wa saruji. Watu wa ghala walianza kuniletea maji ya kunywa bila kuniuliza kitu.

Shemeji alivumilia, kisha akaja mwenyewe. Alikuja kwa miguu, kanga begani, akasimama mbele yetu tukiwa tumeinama kwenye gunia tunaandika herufi. Aliokota chungwa moja, akaligeuza, akasoma herufi yake.

"Haya ni ya nini?"

Daktari akamweleza kwa upole, kwamba yanaonyesha maji yanakokwenda, na kwamba pengine...

"Mume wangu ni chungwa?"

Daktari akaliweka chini chungwa alilokuwa analiandika.

"Nakuuliza, mama. Umesoma, mimi sijasoma. Mnakaa hapa mnaandika matunda, na mimi nyumbani nimetandika kitanda kila siku kwa sababu sijui nikitandue au nisikitandue. Mume wangu ni chungwa?"

"Hapana," Daktari akasema.

Shemeji akalirudisha lile chungwa kwenye gunia, taratibu, kama kitu cha watu ambacho hakutaka kukivunja. Akakaa mchangani. Hasira ilimtoka yote mara moja, akabaki mdogo. Akaniambia mimi, si Daktari, "Shemeji, basi kama yeye hamumpati, nipeni hata ule mkanda. Nguo zake zote ninazo, lakini zile ni za dukani. Ule nilishona kwa mkono. Uko wapi?"

Nilimwangalia Daktari. Kalamu ya wino ilikuwa imemwanguka. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, na mimi nikaelewa hapo hapo, kama mtu aliyemwagiwa maji. Tulikuwa tunamtafuta kama kitu kinachoelea. Alikuwa na chubwi kiunoni kote. Tuliuona mkanda ule kila siku ya kazi, tuliuona asubuhi ile akiufunga, na siku zote hizo hatukuukumbuka hata mara moja. Hakuwa chungwa. Alikuwa jiwe.

Na papo hapo nikaona na jambo jingine, kwamba shemeji hajaliona bado. Alikuwa ananitazama, anasubiri mkanda wake.

"Uko kwenye gari," nikamwambia. "Nitakuletea."

"Hakuuvaa?"

Ulimi wangu ulishatangulia. "Siku ile hakuuvaa."

Akaitikia kwa kichwa. Akainuka, akajipangusa mchanga, akaenda zake.

Mawe ya buluu yalikuwa hayaendi kulia. Wazamiaji walishatuambia zamani: yanaburutwa kushoto, chini kwa chini, mpaka kwenye mguu wa ule ukuta mrefu wa mawe unaokinga lango la bandari. Kesho yake bahari ilikuwa imetulia, maji yamesafika kidogo. Wazamiaji wawili waliingia pale ukutani. Hawakukaa sana. Wa kwanza aliibuka, akavua miwani yake, akanitafuta kwa macho kati ya watu waliosimama juu ya ukuta, akainamisha kichwa.

Baadaye aliniambia alimkuta ameegemea mawe, mchanga umemfunika mpaka mapajani, na pale alipokaa palikuwa na mawe yetu ya buluu, yamemzunguka, mengine yamelala juu ya miguu yake. Alisema mwanzoni aliona rangi ile tu, akafurahi kwamba ameyapata mengi. Hilo alinieleza huku analia, mtu mzima, kifua kama mlango.

Mkanda ulikuwa kiunoni. Fundo lilikuwa limelowa na kukaza mpaka limekuwa kama kokwa, hakuna kidole ambacho kingelifungua. Mzamiaji alikata kamba kwa kisu. Kabla ya gari la hospitali kufika niliuchukua ule mkanda, nikauviringisha ndani ya mwavuli, nikautia nyuma ya gari la Daktari chini ya kiti. Kwa hiyo sasa ulikuwa kwenye gari kweli.

Tulimzika siku hiyo hiyo. Shemeji alimpata mtu wake, na mimi nilikuwa nimetimiza nilichosema, na nilidhani kilichobaki ni kulia tu.

Lakini kabla ya mwili kutolewa ndani aliomba abaki naye kidogo, na mimi nilikuwa mlangoni, nikamsikia. Hakulia. Alikuwa anamgombeza. Kwa sauti ya chini, ile sauti ya mtu anayegombana chumbani ili wageni sebuleni wasisikie.

"Nilikwambia. Nilikwambia, au sikukwambia? Nimejitoboa vidole kwa ajili yako. Siku moja tu, siku ya mawimbi, ndiyo siku ya kuuacha garini? Ulikuwa unanicheka. Mbele yao wote ulikuwa unanicheka."

Nikaenda nikakaa nyuma ya nyumba.

Siku zikapita, hakuacha. Nikienda kumjulia hali namkuta kwenye cherehani, mguu unakanyaga, na akisikia sauti yangu anaanza. "Angeuvaa angesimama, shemeji. Siku zote mkanda ulikuwa unamsimamisha, si ndiyo?" Wanawake wa jirani wakaja kumfariji, nao wakaingia njia hiyo hiyo: wanaume ndivyo walivyo, wakaidi, ukimwambia kulia anakwenda kushoto. Mmoja alisema, "Marehemu alikuwa mtu wa mzaha, hakuna alichokichukulia kwa uzito." Shemeji akaitikia. Mdogo wangu, aliyekuwa anafunga lile fundo mara mbili kila asubuhi kama mtoto anayeogopa mwalimu, akawa sasa ni mtu aliyekufa kwa kumdharau mkewe. Na aliyemfanya hivyo ni mimi.

Nilimwendea Daktari. Alikuwa ofisini kwake, kachumba kenye ramani ukutani na kikombe chenye mchanga kwenye kila kona ya meza. Kazi ya vipimo ilikuwa imesimamishwa. Mti mwekundu na mweupe ulikuwa umeegemezwa nyuma ya mlango, ulioshwa, umekauka.

"Usimwambie, mzee," akasema. "Nakuomba. Sasa hivi anamkasirikia yeye. Hasira inaisha. Ukimwambia, atajikasirikia mwenyewe, na hiyo haiishi. Mimi naijua."

"Wewe ulimwambia arudi."

"Nilimwambia, halafu nikaendelea kusoma namba." Alikuwa anatazama ule mti. "Namba ya mwisho niliisoma vizuri kabisa, unajua? Ni kipimo safi. Sijui nikifanye nini."

 Nikamwomba funguo za gari, nikautoa mkanda chini ya kiti.

Begi langu nilikuwa nimeshalifunga. Hivyo ndivyo nilivyoishi, jambo likishanishinda naliacha mahali lilipo, naenda mji mwingine kulisahau. Nilipita stendi nikiwa na begi bega hili na mkanda ndani ya mfuko wa plastiki mkono huu, na mzigo mzito ulikuwa ule wa mkononi. Gari la kwanza lilikuwa linaita abiria. Nililitazama likijaa, likaondoka, nikageuza njia.

Ilikuwa alasiri, mlango wake uko wazi. Nikaweka mfuko juu ya meza ya cherehani, juu ya sare za watoto. Akauangalia.

"Umeutoa garini."

"Nimeutoa garini. Lakini niliuweka baada ya kumpata."

Mguu wake ukaacha kukanyaga.

"Alikuwa ameuvaa, shemeji. Hakuna siku aliyoingia bila kuuvaa. Alikuwa anakusikiliza. Alikuwa anatucheka sisi, wewe alikuwa anakusikiliza."

Akautoa. Turubai lilikuwa limepauka kwa chumvi, gumu, na mchanga ulimwagika juu ya sare. Aliupitisha mikononi kama anavyopitisha nguo ya mteja, mfuko mmoja baada ya mwingine, anabonyeza chubwi kwa dole gumba. Zote zilikuwepo. Akafika kwenye kamba. Fundo lilikuwa bado zima, na pembeni yake nailoni imekatwa, ncha zimenyooka. Fundi anajua kamba iliyokatika na kamba iliyokatwa.

"Kisu," akasema.

"Mzamiaji."

"Halikufunguka."

"Halikufunguka."

Alikaa na fundo lile kiganjani. Nje kulikuwa na mtu anaita muuza maji. 

"Kushona kwangu kulishika," akasema mwishoni. "Hakuna hata uzi mmoja ulioachia."

Ndipo akalia. Hakulia hivyo siku ya msiba, wala mchangani. Alilia ameinama juu ya cherehani, na nilimwona akijaribu kulifungua lile fundo huku analia, kwa kucha, kwa meno, kama vile bado kuna mtu ndani ya mkanda. Nilishika mikono yake. Akaivuta. Nikamwacha.

Alipotulia aliuliza, bila kuinua uso, "Ulitaka kunidanganya mpaka lini?"

"Mpaka nife."

"Wewe hufi. Wewe unaondoka tu." Akaliona begi langu pale mlangoni. "Ndilo hilo, tayari."

"Nilikuwa nakwenda."

"Nilimgombeza," akasema. "Akiwa amelala pale hawezi kunijibu, nilimgombeza. Na wewe ulikuwa mlangoni. Nilikuona miguu."

"Nilikuwepo."

"Usingeweza kunikatiza? Useme tu, shemeji, basi?"

"Ningeweza."

Hakunitukana. Ningependa anitukane. Alivuta droo, akatoa ule mkasi wake mdogo wa kufumulia, akawasha taa ya cherehani maana ndani kulianza kuwa na kiza, akaulaza mkanda chini ya mwanga. Akaanza kufumua. Alifumua mfuko wa kwanza, uzi kwa uzi, alikuwa ameshona karibu karibu sana, kila mshono ukiukata ulikuwa unatoa mlio mdogo. Donge la risasi likaanguka mezani. Akalisogeza pembeni. Akashika mfuko wa pili.

"Kiza," akasema baada ya muda. "Taa hii hainifikii huku."

Nikaichukua taa ya mkono juu ya kabati, nikasimama nyuma ya bega lake, nikamshikia. Aliposogea nilisogea. Lile fundo hakuligusa tena. Aliliweka upande wake, mbali na chubwi, na mimi nikaendelea kushika taa.